Ivuna: Chumvi, kimondo na jina lisilowalipa wenyeji

UKITAJA utalii mkoani Songwe, wengi hukumbuka Kimondo cha Mbozi kilichopo Ndolezi. Wachache hufahamu kuwa mkoa huu una mwambao wake, yaani ufuko wa kusini wa Ziwa Rukwa, wilayani Momba. Huko ndiko iliko Ivuna.

Ziwa hilo limo katika Bonde la Ufa. Mito ya Momba na Songwe humwaga maji humo, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua, na kina hubadilika sana. Mkulima wa mpunga au ufuta aliye karibu na ziwa asitegemee kuwa ukingo wa mwaka jana ndio wa mwaka huu.

Biashara kongwe ya Ivuna ni chumvi. Mwaka 1968 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen waliandika kuhusu mabaki waliyochimbua hapo, yanayoonyesha kuwa chumvi ilitengenezwa Ivuna karne nyingi zilizopita kwa kuchemsha maji ya chumvi katika vyungu.

Desemba 16, 1938 kimondo kilianguka hapo. Kilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, lakini ni cha aina adimu. Wanasayansi huliita kundi lake CI, na herufi I inatokana na Ivuna. Vumbi la sayari ndogo ya Ryugu, lililoletwa na chombo cha Japan mwaka 2020, lilionekana kufanana na kundi hilo.

Tatizo ni kwamba kimondo cha Mbozi mgeni hukiona na kukigusa, wakati vipande vya Ivuna vimehifadhiwa mbali, vingine London. Jina linasafiri, fedha hazirudi.

Kwa hiyo tusianze kwa kujenga nyumba za wageni. Tuanze na bidhaa ambazo tayari zina wanunuzi: mchele, samaki wakavu na chumvi. Zifungashwe vizuri, ziandikwe Ivuna pamoja na historia fupi, kisha ziuzwe Tunduma na Ndolezi, ambako wasafiri hupita. Mfanyabiashara wa chumvi ya kula akumbuke kuwa sheria inataka iwekwe madini joto.

Bidhaa ikishajulikana, mgeni atataka kuona inakotoka. Hapo kijana wa kumtembeza na mama lishe watapata kipato bila mkopo mkubwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji lazima awe na cha kuuza.