Je, Wajua? Siri za Mchoro wa Tingatinga

Mtindo wa Tingatinga umepewa jina la mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Alichora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa ambayo watu hupaka milango na baiskeli.

Je, wajua kwamba:

• Mandharinyuma hutangulia? Ubao mzima hupakwa rangi na kuachwa ukauke kabla ya kuchora mnyama.

• Umbo huwa kubwa? Chui mmoja anaweza kujaza ubao, mkia wake ukapinda kufuata ukingo.

• Nukta huja mwisho? Madoa ya chui na ya kanga huwekwa moja moja kwa ncha ya brashi.

• Rangi za msingi ni nyekundu, njano na buluu? Changanya njano na buluu upate kijani. Nyekundu na njano, upate rangi ya chungwa.

Jaribu leo: mchore kanga, kisha chovya ncha ya kijiti kwenye rangi, umpambe kanga wako kwa nukta nyeupe!