FEDHA YA KAZI SI FAIDA YA FUNDI

Hapa Busawe na vijiji vya jirani tunajenga nyumba za tofali na bati. Kazi ya ujenzi ipo, na mafundi hodari wapo. Sasa je, kwa nini fundi anajenga nyumba za watu miaka kumi, na mwisho anabaki na madeni? Na kwa nini nyumba nyingine zinasimama kwenye linta, mvua zikizinyeshea? Mara nyingi kosa haliko kwenye mwiko. Kosa liko kwenye hesabu.

Tuchukue mfano. Fundi anapatana na mwenye nyumba shilingi 6,000,000, vifaa na ufundi pamoja. Analipwa kwanza 2,400,000 ili aanze. Siku hiyo mfuko umejaa, naye anajiona tajiri. Ananunua ng'ombe wawili kwa 1,200,000.

Baada ya muda saruji inaisha, na hela hakuna. Afanye nini? Anachukua kazi ya pili. Malipo yake ananunulia saruji ya kazi ya kwanza. Kisha anatafuta kazi ya tatu ili amalize ya pili. Huko ni kuchimba shimo jipya ili kufukia la zamani. Siku kazi mpya isipopatikana, nyumba zote zinasimama. Wenye nyumba wanashtaki. Saidia fundi wanadai ujira wao. Wale ng'ombe wanauzwa kwa bei ya hasara.

Tuangalie hesabu yenyewe ya nyumba ile:

Vifaa: 3,900,000
Ujira wa saidia fundi: 900,000
Kusafirisha vifaa kutoka Mugumu: 350,000
Maji, kukodi mbao na mengineyo: 250,000
Jumla ya matumizi: 5,400,000

Toa 5,400,000 katika 6,000,000. Zinabaki 600,000. Hizo ndizo za fundi, jasho lake na faida yake pamoja. Lakini yeye alikwisha kula 1,200,000, yaani mara mbili ya haki yake, kabla ukuta haujasimama! Zile fedha za mwanzo zilikuwa za saruji, nondo na ujira wa watu. Yeye alishikishwa tu.

Basi tufanyeje?

Kwanza, kabla ya kupatana, tuulize bei dukani. Tusikadirie kwa bei ya mwaka jana. Mapatano yaandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi. Iandikwe pia nani atabeba mzigo saruji ikipanda bei.

Pili, kila kazi iwe na daftari lake. Kila siku tuandike tarehe, fedha zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Tuandike na madeni: nani tunamdai, nani anatudai. Stakabadhi za dukani tuzitunze kwenye bahasha.

Tatu, fedha ya kazi isichanganywe na fedha ya chumvi na sabuni ya nyumbani. Fundi ajipangie ujira wake, auchukue kazi inapofikia hatua iliyokubaliwa, na auandike.

Nne, tusitumie fedha ambayo haijafika. Katika kazi kubwa, mwenye kazi huzuia sehemu ya malipo mpaka muda wa kuangalia kasoro upite. Malipo mengine huchelewa. Hata makandarasi wakubwa hukwama hapo: kazi wanayo, lakini hela ya kulipa vibarua hawana.

Mambo haya yanatuhusu sana. Mwaka 2021 Serikali ilitoa fedha za kujenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, shilingi milioni 20 kila chumba. Mafundi wengi wa vijijini walipata kazi, chini ya kamati za wananchi. Kamati hutaka hesabu na stakabadhi. Na fundi anayetaka kuwa mkandarasi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo sheria yake ilitungwa mwaka 1997. Madaraja ni saba, na wadogo huanzia daraja la saba. Huko nako bila hesabu hatufiki mbali.

Ndugu fundi, kusoma na kuandika umekwisha kujua. Unapobeba mwiko asubuhi, beba na kalamu.