Kabla ya kinu Siaya, tujue nani atahesabu urani

Malori yateremkayo kutoka Kericho kwenda Kisumu hupita Awasi usiku na mchana. Huku mazungumzo ni miwa, mpunga na mafuriko ya Nyando. Lakini mwaka 2025, baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kuukataa mradi wa kinu cha nyuklia, serikali iliigeukia Siaya. Nyuklia sasa ni habari ya kanda ya ziwa.

Wengi huuliza kuhusu samaki na mionzi, na ni haki yao. Lipo swali jingine lisilosikika barazani: nani atahesabu urani itakayoletwa, na ulimwengu utaaminije kwamba haitageuzwa silaha?

Ahadi Kenya ilishaitoa. Iliridhia Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 1970. Septemba 18, 2009, makubaliano yake ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) yalianza kutumika, pamoja na Itifaki ya Ziada inayowafungulia wakaguzi milango zaidi. Kwa kuwa hatuna kinu, masharti mengi yamelegezwa. Hata hivyo hesabu ipo: urani hafifu inayowekwa kwenye makasha ya kukinga mionzi, hospitalini au viwandani, nayo huandikwa daftarini.

Uamuzi wa kujenga kinu utaiondoa nafuu hiyo. Michoro itapelekwa mapema makao makuu ya IAEA, Vienna, kila shehena ya fueli itaripotiwa, kamera na lakiri zitafungwa, na wakaguzi watabisha hodi.

Mzigo huo nchi haiubebi peke yake. Mwaka 2020 IAEA ilianzisha mpango wa COMPASS, unaosaidia mataifa kurekebisha sheria, kufundisha maafisa na kupata vifaa vya kutunzia hesabu. Mwenzetu wa Afrika Mashariki, Rwanda, ilikuwa miongoni mwa nchi saba za kwanza. Kwetu, sheria ya 2019 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Lakini mkufunzi wa kigeni hufundisha akaondoka. Mshahara wa afisa anayebaki na daftari hulipwa kwa fedha zinazoidhinishwa na Bunge letu.

Basi viongozi wa Kisumu na Siaya wanapodai ajira na fidia, wadai pia majibu haya: KNRA ina wakaguzi wangapi, wamefunzwa nini, na bajeti yao ni kiasi gani? Yatolewe hadharani, kabla ya saruji kumwagwa.