KABLA HUJANUNUA SPEA, JUA INJINI YAKO INAPATAJE NGUVU



Wengi wetu huku Mbeya na Iringa tunakula kwa injini. Kuna anayebeba viazi kwa kirikuu, anayeshusha mzigo wa Kariakoo kwa Canter, na kijana wa bodaboda. Injini ikigoma, nyanya zinaoza njiani na faida yote inaishia kwa fundi. Mimi nauza spea hapa Mwanjelwa. Shule niliishia kidato cha nne, haya nimejifunza kwa kuuliza mafundi na kusoma. Kila mara anakuja mteja anataka plagi, kumbe tatizo lake wala siyo plagi. Twende taratibu.

INJINI INAFANYAJE KAZI?

Petroli ikiungua mahali pa wazi inatoa moto tu. Ikiungua ndani ya chumba kilichofungwa, hewa inapata joto kali, inatanuka na kutafuta pa kutokea. Chumba hicho ni silinda, na kinachoweza kusogea ni pistoni. Inasukumwa chini, inazungusha krenki, nguvu inapita kwenye gia hadi kwenye tairi. Hatua ziko 4:

1. KUVUTA: Pistoni inashuka, hewa na petroli vinaingia.
2. KUBANA: Pistoni inapanda, mchanganyiko unabanwa hadi kubaki kama sehemu 1 ya 10.
3. KUWAKA: Plagi inapiga cheche, pistoni inasukumwa kwa nguvu. Nguvu yote ya gari inatoka hapa.
4. KUTOA: Moshi unasukumwa nje kupitia ekzosi.

Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya hivi mwaka 1876, na mpaka leo kirikuu chako kinatumia hatua hizo hizo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa SEKUNDE moja. Cheche ikichelewa kidogo tu, gari inamisi.

Dizeli ni tofauti. Haina plagi ya cheche. Inavuta hewa tupu na kuibana sana, hadi sehemu 1 ya 16 au hata zaidi, mpaka joto linapita digrii 500. Hapo nozeli inapuliza dizeli na inawaka yenyewe. Kwa hiyo mwenye gari la dizeli ukiambiwa "nunua plagi", uliza plagi gani. Hita plagi ipo, lakini kazi yake kubwa ni kusaidia kuwasha injini ikiwa ya baridi.

KWA NINI HUKU KWETU GARI INACHOKA?

Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu ukilinganisha na ikiwa Dar. Ndiyo maana gari iliyokuwa inakimbia vizuri Dar, ukiipakia mzigo ule ule huku mlimani inalalamika. Siyo lazima iwe mbovu. Punguza mzigo, tumia gia ndogo.

Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa pwani nayo inapata petroli nyingi kuliko hewa ya huku. Itatoa moshi mweusi na kula mafuta. Hapo inatakiwa kusetiwa tu.

Na baridi ya Juni na Julai je? Petroli ya baridi haigeuki mvuke kirahisi, ndiyo maana asubuhi unavuta choki. Kwa dizeli yenye hita, subiri taa yake izime ndipo upige stata.

USIWEKE FRII KWENYE MTEREMKO

Kuna madereva wanashuka Kitonga au Iwambi wakiwa wameweka frii, eti wanaokoa mafuta. Gari ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta, tairi ndizo zinazungusha injini na injini inazuia mwendo. Ukiweka frii unabaki na breki peke yake, nazo zikipata moto sana zinafeli. Tena magari mengi ya injeksheni yanakata mafuta kabisa ukishuka na gia. Kwenye frii injini inaendelea kunywa.

KABLA HUJATOA HELA

Injini inataka hewa, mafuta, mbano na moto kwa wakati wake. Muulize fundi: kati ya hivi, kipi kinakosekana, na amejuaje?

Kwa petroli, mwambie afungue plagi muitazame wote:
- Rangi ya kahawia au kijivu: uwakaji ni mzuri.
- Masizi meusi makavu: mafuta yamezidi au hewa haitoshi. Anza na filta ya hewa, barabara zetu zina vumbi.
- Imelowa oili: pengine pete za pistoni au sili za valvu zimechoka. Plagi mpya nayo italowa tu.

Nikikuuzia plagi usiyoihitaji, leo napata faida kidogo, kesho umehamia duka la jirani. Bora uje ukijua unachotafuta.

Mtumie na mwenzako mwenye gari la mzigo. Biashara njema.