Laptopu za bei nafuu mpakani: prosesa imesingiziwa

Anayetafuta laptopu ya bei ya chini Busia, iwe ng'ambo ya Kenya au ya Uganda, au akisogea hadi Tororo, huishia kuchagua kati ya aina mbili. Kuna ndogo mpya ndani ya boksi, nyingi zikiwa na Celeron N4020 au mfano wake, na kuna zilizotumika Ulaya, zile wauzaji wanaziita ex-UK: ThinkPad, Latitude na EliteBook zenye Core i5. Bei zake mara nyingi hukaribiana. Ile ndogo husemwa kuwa nzito kwa sababu prosesa yake inakula umeme kidogo, kwa hiyo haina nguvu. Naona prosesa imebebeshwa lawama ambayo kwa sehemu kubwa ni ya vitu vilivyofungwa nayo.

Tazama kazi yenyewe. Wakala wa forodha hufungua mifumo ya forodha ya nchi zote mbili, iCMS ya KRA ya Kenya na ASYCUDA ya URA ya Uganda, barua pepe, WhatsApp na jedwali la Excel kwa wakati mmoja. Kinachobanwa kwanza hapo ni RAM. Windows 11 inadai angalau GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi, na laptopu nyingi za N4020 zinakuja na kiasi hicho hicho, bila ziada. RAM ikijaa, mashine hukimbilia hifadhi, ambayo ni eMMC, ya mwendo wa pole ikilinganishwa na SSD. Ndiyo maana tamko la mzigo linachukua muda kufunguka huku lori likisubiri. Tena vyote viwili kwa kawaida vimechomelewa kwenye bodi. Fundi hana la kuongeza. Fungua ThinkPad T480 uone: nafasi mbili za RAM, na SSD ya kuchomoa kwa bisibisi.

Ushahidi kwamba wati chache si kosa ni Intel N100 ya mwaka 2023. Imepangiwa wati 6, sawasawa na N4020 ya 2019, ila ina kori nne badala ya mbili, na kila kori ni ya kasi zaidi. Ikipewa GB 8 na SSD, kazi ya wakala huyo inaimudu bila taabu.

Watu watauliza habari ya umeme, na wana haki, maana ukikatika hakuna anayekuambia utarudi lini. Lakini wati 6 za prosesa hizo na 15 za i5 ya laptopu ni vipimo vya prosesa ikiwa imeelemewa. Unapochapa ankara, zote mbili zimepumzika na kioo ndicho kinachokula zaidi. Hoja nzito ni betri: ya ex-UK imeshachoka, kwa hiyo bei ya betri mpya ihesabiwe tangu mwanzo. Kwa mwalimu wa kijijini Tororo anayechaji kwa sola, hesabu hiyo yaweza kumrudisha kwenye ile ndogo, na sitambishia.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haipokei Core iliyo chini ya kizazi cha 8. Basi i5 ya kizazi cha 6 imefungiwa mlango, ilhali N4020, dhaifu kuliko hiyo, inaruhusiwa! Hapa mnunuzi asome namba nzima: i5-8250U inapita, i5-6300U haipiti.

Kuvuka mpaka kutafuta nafuu hakusaidii sana. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia sifuri. VAT ni 16 Kenya na 18 Uganda. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, na laptopu ya China haimo. Waranti nayo hubaki duka la ng'ambo.

N4020 yenye GB 4 ningeiacha hata ikipunguzwa bei. Wakala aanzie N100 ya GB 8 au i5 ya kizazi cha 8. Wenye maduka waliojaza stoo i5 za kizazi cha 6 itawabidi washushe bei, na mwenye kazi ya kuandika barua na kupiga hesabu, akiwekewa Linux, anaweza kuchukua moja.