Shower Inakupiga Shoti? Slipas Hazitakuokoa

Unaingia kuoga asubuhi, unagusa mfereji, shoti! Caretaker anakuambia uvae slipas. Zii, msee. Hapo kuna stima inavuja, na mara nyingi waya ya earth haijafungwa.

Instant shower nyingi hukula zaidi ya wati 5,000. Kwa stima yetu ya volti 240, hiyo ni zaidi ya ampea 20. Fundi akiifunga kwa waya ya taa, ile nyembamba ya 1.5 mm, itachemka hadi plastiki iyeyuke.

Kabla ulipe fundi, cheki hizi:

1. Shower iko na waya yake ya 6 mm na breaker yake kutoka kwa bodi.
2. Earth imefika bodi, haijakatwa.
3. Kuna RCD ya 30 mA. Stima ikivuja, inazima chap chap.
4. Swichi iko nje ya bafu.
5. Kama maji ni ya chumvi, shower ni ile ya maji ya chumvi.

Fundi akuonyeshe leseni ya EPRA. Na kama inakupiga leo, zima swichi, chemsha maji kwa jiko, umtext landlord.