Herufi 160 zinazobeba bei ya karoti ya Lushoto

BEI ya karoti ikibadilika Dar es Salaam, mkulima wa Lukozi au Mlalo wilayani Lushoto anatakiwa kuijua kabla lori halijaanza kushuka Milima ya Usambara kupitia Soni hadi Mombo. Likishafika barabara kuu, mboga hazirudi tena mlimani. Atauza kwa bei atakayoikuta, na mara nyingi mpangaji ni dalali.

Habari za namna hiyo zimesafiri kwa meseji kwa miaka mingi. Mwaka 2005, mradi wa First Mile, ulioendeshwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) pamoja na Serikali ya Tanzania, ulianza kuwasaidia wakulima wadogo kupata taarifa za masoko. Wapelelezi wa soko, waliopewa jina la 'shushushu', waliulizia bei na mahitaji ya wanunuzi, kisha wakawajulisha wenzao vijijini kwa simu za mkononi.

Kikwazo ni ufinyu wa nafasi. Meseji moja hubeba herufi 160, zikiwemo alama na nafasi kati ya maneno. Kiwango hicho kilipendekezwa mwaka 1985 na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, baada ya kuhesabu herufi za sentensi alizochapa na kuona nyingi hazifiki hapo.

Hesabu ya vipande

Ujumbe ukizidi herufi 160, simu huugawa. Kila kipande hubeba pia maelezo ya kukiunganisha na vingine, hivyo hubakiwa na herufi 153. Ndiyo maana Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikomea herufi 459, yaani vipande vitatu. Anayeandika herufi 320 akidhani ni meseji mbili hutozwa tatu.

Hasara kubwa zaidi ni kipande kuchelewa. Kwenye simu isiyoweza kuunganisha, cha pili huweza kutangulia. Mkulima akipata "uza leo" kabla ya "usikubali chini ya bei ya jana", mzigo umekwenda.

Simu za kisasa nazo zina mtego wake. Kiswahili hakihitaji herufi za ziada, lakini alama ya ng'ombe ikiandikwa kwa mkia uliopinda, au ikiongezwa picha ya kikaragosi, kikomo hushuka hadi herufi 70.

Afanyeje mkulima? Jambo la kuamuliwa litangulie: zao, soko, bei, siku. Salamu zije mwisho. Kwa mfano, "Karoti K/koo imepanda. Usiuze Soni. Lori kesho alfajiri." Hizo ni herufi 56 tu, na bado kuna nafasi ya kuandika bei na kumsalimia mzee.

WhatsApp imeondoa kikomo hicho kwa wenye simu janja. Lakini mwenye kitochi shambani bado anategemea meseji, na meseji fupi ndiyo inayofika nzima.